Danieli Alipiga Magoti Akielekea Kwao



Vita vya mwaka 1996 vilipoanza, wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika tukaingia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikatupokea. Tangu 2005 meli zilirudisha baadhi yetu Baraka. Wengine wangali kambini, na wengine walipelekwa Marekani, ambako watoto wao wanasoma na kufanya kazi.

Sasa swali linatugawanya katika jamaa zetu. Ndugu anapokula kiapo cha kuwa raia wa Marekani, je, ameikana Kongo? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, hairuhusu mtu kuwa na uraia wa Kongo pamoja na uraia mwingine. Hiyo ni sheria, nasi tunaiheshimu. Lakini sheria haimwondolei mtu mama aliyemzaa, wala kaburi la babu yake.

Tufungue Danieli sura ya 6. Danieli alichukuliwa Babeli akiwa kijana. Akawatumikia wafalme wa huko kwa uaminifu, hata adui zake walipochunguza kazi yake hawakuona kosa. Na mtu huyohuyo, mara tatu kwa siku, alipiga magoti mbele ya madirisha yaliyoelekea Yerusalemu. Hakuidanganya Babeli kwa ajili ya kwao, wala hakusahau kwao kwa ajili ya cheo.

Ndugu zetu mlio mbali, tiini sheria za huko na kuuombea amani mji wenu, kama Yeremia alivyowaandikia mateka katika sura ya 29. Mkielekea nyumbani, elekeeni kwa maombi. Maana kuna sauti zinazotumwa kwa simu kutoka mbali zikisema jirani apigwe. Aliyezituma analala salama. Sisi ndio tunaokimbia usiku na watoto mgongoni. Huko si kuipenda Fizi.

Nasi tulio hapa, tusimwite mtoto wetu mgeni asubuhi, kisha jioni tungojee pesa zake. Tena tuwakumbuke Warundi waliokimbilia kwetu Lusenda tangu 2015. Nao wanakumbuka kwao, huku wakila na kulima pamoja nasi. Tuwatendee kama tulivyotaka kutendewa Nyarugusu.

Mungu alinde waliovuka na waliobaki. Amina.