Kuitambua Metali Kabla ya Kuichomelea



Mashine ya chama inapovunjika katikati ya mavuno, fundi huhimizwa aichomelee upesi. Lakini fundi asiyejua anachochomelea huweza kukitia chama hasara mara mbili. Mguu wa mashine ya kumenyea kahawa, kwa mfano, mara nyingi ni wa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ukichomelewa kwa kijiti cha kawaida, bila kupashwa moto kwanza na kuachwa upoe polepole, aghalabu hupasuka tena kando ya kiungo. Basi utambuzi hutangulia matengenezo, nao hauhitaji vyombo vya thamani.

Kwanza ni sumaku. Hiyo hunasa chuma cha kusubu, chuma laini na feleji, bali hainasi shaba, alumini wala risasi. Vyuma vingi visivyoshika kutu navyo havinaswi.

Pili ni patasi na tupa. Chuma laini kikikatwa kwa patasi hutoa utepe unaojikunja. Chuma cha kusubu humeguka vipande vidogo vidogo. Tupa ikiteleza bila kula, hiyo ni feleji iliyotiwa ugumu.

Tatu ni cheche za jiwe la mashine ya kunolea. Chuma laini hutoa mistari mirefu yenye matawi machache. Feleji yenye kaboni nyingi hutoa matawi mengi yanayopasuka kama nyota. Cheche za chuma cha kusubu ni fupi na nyekundu. Fundi avae miwani ya kukinga macho, na alinganishe cheche hizo na za kipande kinachojulikana. Alumini na shaba zisipelekwe kwenye jiwe hilo: hazitoi cheche, nazo huliziba.

Nne ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya shaba nyekundu gramu 8.9, na ya risasi gramu 11.3.

Chuma kilichopakwa zinki kina hatari yake. Kikichomelewa, moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka. Zinki iondolewe kwanza mahali pa kuchomelea, na kazi ifanyike penye hewa ya kutosha.

Kipuri kikishapimwa, katibu aandike aina ya metali yake katika daftari la mali za chama. Siku kitakapovunjika tena, fundi atakayeitwa, hata akiwa mgeni, hataanza kwa kubahatisha.