Nyani Haoni Kundule



Wahenga walisema: nyani haoni kundule. Kila aisikiaye methali hii hucheka, kisha humkumbuka jirani yake. Ni nadra mtu kujikumbuka mwenyewe.

Tazameni msimu wa pamba hapa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huu ulipoanzishwa mwaka 2012. Mkulima hunung'unika kwamba mizani ya mnunuzi imechezewa, na huenda ni kweli. Lakini usiku wa jana yeye mwenyewe ameinyunyizia pamba yake maji, tena akatia na mchanga, ili izidi uzito. Mnunuzi naye humwita mkulima mwizi, hali kidole chake ki juu ya mizani. Wote wawili methali wanaijua, na kila mmoja amemsomea mwenziwe!

Sura ya 83 ya Qur'ani Tukufu, Al-Mutaffifin, inawaonya watu watakao kutimiziwa wapimiwapo, nao wakiwapimia wengine hupunguza. Haikubagua baina ya muuzaji na mnunuzi.

Basi mwenye magunia yaliyolowa ayaanike leo, baada ya swala. Na mwenye mizani aipeleke kwa Wakala wa Vipimo ikahakikiwe.