Kupanda Kitandani Si Kukubali

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulionea haya: kupimwa sehemu za siri.

Akina mama wengi huahirisha kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Si kwamba hawajui hatari yake. Wanaogopa kuvua nguo na kuguswa bila kuelezwa lolote.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakulinda. Mhudumu anapaswa kukueleza hali yako, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama, kwa lugha unayoielewa. Kisha wewe ndiwe unayekubali au kukataa. Dharura ni tofauti: kama umezirai na kuchelewa kunaweza kukuua, utahudumiwa kwanza, ila kama ulikuwa umekataa mapema.

Kabla hujavua nguo, muuguzi akuambie hivi: "Mama, nitaingiza chombo cha kufungua uke ili nione mlango wa kizazi. Nitapaka siki kidogo, kisha tungoje kama dakika moja. Pakigeuka peupe, si lazima iwe saratani, lakini tutaangalia zaidi. Unaweza kuhisi kubanwa kidogo. Ukisema acha, nitaacha. Umeelewa? Nianze?"

Kupanda kitandani si kukubali. Kunyamaza si kukubali. Tena, kukubali kupimwa si kukubali kutibiwa. Kukionekana sehemu inayohitaji kuchomwa au kukatwa kipande, uulizwe upya. Wanafunzi wakitaka kutazama, uulizwe pia.

Unaweza kuomba muuguzi wa kike, au mtu wako akae nawe. Kama haiwezekani leo, uambiwe, uamue kuendelea au kurudi siku nyingine. Ukikataa, uelezwe madhara ya kukataa bila kugombezwa.

Nanyi akina baba, ni vivyo hivyo mnapowekewa mpira wa mkojo au kupimwa tezi dume kwa kidole. Ulizeni: ni wa nini, utakaa siku ngapi, kuna njia nyingine?

Wapendwa, haki ya kukataa isiwe sababu ya kukimbia kipimo. Mabadiliko ya mlango wa kizazi yakigunduliwa mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Nenda, uliza, uelewe, ndipo useme ndiyo.