Watu wa Mwisho na Mtaa Uliojaa

Mhadhara wa umma uliotolewa Buyenzi, Bujumbura



Nimeombwa nizungumzie sinema, nami nimechagua aina moja tu: hadithi za kubuni za kisayansi zinazosimulia watu wa mwisho duniani, hasa zile zilizotengenezwa kwa fedha kidogo. Nina jambo moja la kuwaambia. Filamu ya aina hiyo inaweza kutengenezwa hapa Buyenzi, kwa Kiswahili chetu. Tena ikitengenezwa hapa haitafanana na zile tulizozoea kuletewa, kwa sababu mtaa mtupu sisi tunaujua.

Kwa nini watu wasio na fedha wanaipenda aina hii? Dunia ikishakwisha, waigizaji wa kulipa ni wachache. Mwaka 1951 Mmarekani Arch Oboler alitengeneza *Five*, hadithi ya watu watano waliosalia baada ya maangamizi ya atomiki, na nyumba wanayokimbilia ilikuwa nyumba yake mwenyewe kule Malibu, iliyochorwa na Frank Lloyd Wright. Mwaka 1960 Roger Corman alikwenda Puerto Rico na wahusika watatu akatengeneza *Last Woman on Earth*. Watatu hao wanapona kwa sababu walikuwa chini ya bahari wakipumua hewa ya mitungi wakati oksijeni ilipotoweka juu. Mwandishi wa hadithi hiyo, Robert Towne, alikuwa hajamaliza kuiandika, basi akachukuliwa aende kuigiza huku akiandika. Na Mfaransa Chris Marker, katika *La Jetée* ya 1962, alifanya jambo ambalo ningependa kila kijana mwenye simu alitazame: dakika 28 za Paris iliyoteketea, karibu zote ni picha za mnato, moja baada ya nyingine, na sauti ya msimulizi juu yake. Mara moja tu picha inatikisika. Mwanamke amelala, anafumbua macho, anatutazama. Sekunde chache, basi. Lakini aliyeiona hasahau, kwa kuwa Marker alitunyima mwendo kwa muda mrefu hadi ukope kufunguka ukawa tukio.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza *Pumzi*, filamu ya dakika 21, ambayo Januari 2010 ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani. Miaka 35 imepita tangu Vita vya Tatu vya Dunia, vilivyokuwa vita vya maji. Watu waliosalia katika Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, nje kunasemekana hakuna uhai. Umeme wanauzalisha kwa miili yao, kwa kukimbia na kuvuta mashine za mazoezi. Maji ya kunywa yanatokana na jasho na mkojo wao wenyewe baada ya kuchujwa. Hata ndoto zina dawa ya kuzizuia. Asha, mtunzaji wa makumbusho ya viumbe vilivyopotea, anapokea kifurushi cha udongo kisicho na jina la mtumaji. Anaupima, anaukuta una unyevu. Anatia mbegu, mbegu inaota. Wakubwa wanamnyima ruhusa ya kutoka. Anatoroka.

Tazameni alivyofanya Kahiu kwenye mwisho wa safari ile. Asha yuko jangwani, jua linawaka, amebeba mche mmoja. Anauchimbia shimo, anaupanda, anaumwagilia maji yote yaliyobaki kwenye chupa yake. Kisha anajikamua jasho lake, nalo anaupa mche. Mwishowe analala karibu nao aukinge na jua kwa kivuli cha mwili wake. Kamera inapanda juu, na palipokuwa na mwili panainuka mti. Haikuhitajika kulipua mji wowote. Kilichohitajika ni mwigizaji, Kudzani Moswela, mchanga, mche, na mwongozaji aliyejua anataka kusema nini.

Linganisheni na watu wa mwisho wa kule. Katika filamu nyingi za Ulaya na Marekani, mtu wa mwisho kwanza hufurahi kidogo: maduka yako wazi, magari ni yake, foleni hakuna, jirani hakuna. Upweke unakuja baadaye. Nadhani hadithi hizo zinatoka kwa watu ambao umati umewachosha na ambao hawajawahi kuona mji wao ukihamwa kweli. *Pumzi* haina furaha hiyo. Asha hakutoka kutafuta mali zilizoachwa, ametoka kwenda kupanda.

Nimesema mtaa mtupu tunaujua, na hapa nazungumza kwa adabu mbele ya wazee waliokuwepo. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, jiji hili lilikatwa vipande, mtaa baada ya mtaa, kila upande ukifukuza wengine. Zilikuja siku za mji mfu, ambapo kutoka nje kulikuwa kujitafutia kifo. Buyenzi na Bwiza ziliendelea kuwa mahali pa watu mchanganyiko wakati kwingine mambo yalikwisha haribika. Kisha, Machi 1995, mashambulizi yakaifikia mitaa hii miwili, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kwenda Uvira, Zaire ya wakati ule, wenye magodoro kichwani na wasio na kitu. Wapo humu ndani waliorudi wakakuta mlango wazi na ndani hamna mtu. Kwa hiyo mwongozaji kijana akiniambia, "Mwalimu, tutapiga picha saa kumi na moja alfajiri, avenyu ikiwa tupu, ionekane dunia imekwisha," nitamwomba asubiri. Picha hiyo kwa mtazamaji wa London ni mandhari. Kwa bibi wa avenyu ya jirani ni siku fulani ya mwezi fulani, yenye majina ya watu.

Ndiyo maana nasema watu wa mwisho wa Buyenzi lazima wawe wengi. Wawe mia mbili ndani ya nyua tatu. Tatizo la hadithi lisiwe upweke, liwe ni kugawana: nani anakunywa kwanza, nani anashika ufunguo wa ghala, mgeni aliyefika usiku akizungumza lugha nyingine anapewa nafasi wapi. Mambo haya hatuyabuni kutoka hewani. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umetufundisha foleni na ujanja wake. Watu wa Gatumba, nje kidogo ya jiji hili, tangu mto Rusizi ulipofurika mwaka 2020 na ziwa Tanganyika likazidi kupanda, wamejua maana ya nyumba kugeuka maji.

Na vifaa? Filamu *Neptune Frost* ya 2021, ya Anisia Uzeyman na Saul Williams, inasimulia Burundi: mchimbaji wa koltani ambaye ndugu yake ameuawa mgodini, na kijiji cha vijana wadukuzi kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Maleba na mandhari vilibuniwa na Cedric Mizero wa Rwanda, aliyewavika waigizaji nyaya, vitufe vya kibodi na vipande vya mashine, nao wakapendeza kama watu wa karne isiyofika bado. Ilionyeshwa Cannes. Humo kuna Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na baadhi ya wasanii wake ni Warundi waliokuwa wameondoka nchini baada ya 2015. Lakini ilirekodiwa Rwanda. Na *Pumzi*, hadithi ya Afrika Mashariki, ilirekodiwa Afrika Kusini. Sababu ni tofauti, lakini jambo hilo linaniuma: hadithi ni yetu, ardhi inayoonekana ni ya kwingine.

Nanyi vijana wa garaji, mabaki ya namna ile ndiyo mnayoyashika kila siku. Nimesimama mara nyingi karibu na soko la Ruvumera nikimtazama fundi akifungua alterneta ya Toyota iliyokufa, akitoa waya wa shaba, akiuzungusha upya kwa mkono, akiirudisha kwenye gari jingine la aina nyingine kabisa, nalo likawaka. Mtengeneza mandhari wa filamu ya mwisho wa dunia hulipwa kwingine ili aigize kazi hiyo. Katika *Crumbs* ya Miguel Llansó, iliyorekodiwa Ethiopia na kutoka 2015, walionusurika wanathamini midoli ya plastiki ya zama zetu kama hazina. Ni filamu nzuri kwa macho, ila moyo wangu hauridhiki nayo, kwa sababu watu wake wanaviabudu vitu na hawavitengenezi. Mtu wa Buyenzi angekifungua kidoli aone ndani kuna mota.

Na katika sinema nchi yetu ina msingi. Léonce Ngabo alitengeneza *Gito l'ingrat* mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, na baadaye akaanzisha tamasha la filamu la FESTICAB. Na hata Uganda, kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu za mapigano katika ua wa nyumba yake kwa fedha ambazo kwingine zisingetosha chakula cha mchana cha wafanyakazi, na dunia ikamtazama.

Ushauri wangu wa kazi ni huu. Picha zipigwe kwa simu. Fedha mtakazochanga ziende kwanza kwenye sauti, maana mtazamaji husamehe picha yenye giza lakini maneno asiyoyasikia hayasamehi. Msiuzime mtaa wakati wa kurekodi: nyundo za magaraji, adhana, watoto, pikipiki, vyote viingie, kwa kuwa dunia yenu ya mwisho ina watu. Mazungumzo yaandikwe na wanaoishi hapa, Kiswahili kikichanganyika na Kirundi kama kinavyochanganyika barazani. Na kabla ya kuwasha kamera, nendeni kwa wazee mnaowajua, waulizeni walibeba nini Machi ile ya 1995 na nini kiliachwa, kisha waombeni ruhusa ya kuyatumia majibu. Atakayekataa aachwe na kumbukumbu yake. Watakaokubali wapewe nafasi ya kuigiza.