Daftari la Hitilafu



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeombwa niseme juu ya kompyuta, nami nitasema juu ya daftari moja tu, la hitilafu. Kila mtunga programu huletewa malalamiko na maombi. Asipoyaandika mahali pamoja yatapotea, na aliyeyaleta hatarudi tena.

Programu yangu ni ndogo. Inaonyesha nyakati za maji kujaa na kupwa katika mwambao wetu, tangu Moa hadi Pangani. Naishughulikia peke yangu baada ya kazi, na wanaoitumia ni wavuvi na mabaharia wa majahazi. Mzee mmoja wa Kigombe aliomba saa zisomwe kwa Kiswahili: maji yakijaa saa kumi alfajiri, isiandikwe 4:00. Ombi hilo si la urembo. Mtu akikosea saa wakati wa bamvua, chombo chake kitakaa juu ya mwamba na samaki wataoza.

Basi, daftari lipi? Yako yanayotunzwa na kampuni kwenye mitambo yao. Kuanza ni rahisi, lakini mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo. Google Code, iliyotunza bure kazi za watu wengi, ilifungwa mwaka 2016. Jira Server, iliyowekwa kwenye mashine ya mteja mwenyewe, iliacha kuhudumiwa Februari 2024. Kwa hiyo nilitafuta programu huria, ambayo leseni yake inaniruhusu kuitumia, kuibadili na kuigawa, nami niiweke kwenye mashine yangu.

Nilijiuliza maswali matatu. La kwanza: itanidai nini kila siku? Bugzilla, iliyotolewa mwaka 1998, MantisBT na Redmine ni programu nzuri. Lakini kila moja inataka seva, hifadhidata, na mtu wa kuzihudumia. Hiyo ni mitambo ya kiwanda cha mkonge. Mimi nina jembe moja.

La pili: umeme ukikatika au bando likiisha, nitaandika? Gitea ni nyepesi, ila daftari lake hubaki kwenye seva. Halifuatani na nakala ya msimbo. La tatu: nikiondoka, nani ataweza kulifungua?

Nikachagua Fossil, ya Mmarekani D. Richard Hipp, yule yule aliyetunga SQLite. Programu yenyewe ni faili moja. Msimbo, daftari na maelezo yote hukaa katika faili jingine moja la SQLite. Nikiwa Kigombe bila mtandao naandika; nikirudi mjini, nakala yangu inalinganishwa na ya seva. Kuweka akiba ni kunakili faili hilo kwenye flashi.

Gharama ipo: wengi wamezoea Git, na atakayenisaidia itambidi ajifunze upya. Kwa kikundi kinachotumia Git tayari, ningeshauri Gitea.

Uhuru wa kubadili nao una faida. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kwa kuwa leseni iliruhusu. Mimi nami nimeandika hali za daftari langu kwa lugha yetu: wazi, inashughulikiwa, imekwisha.

Wadogo zetu, nimeleta nakala ya faili hilo kwa ajili ya maabara yenu ya kompyuta. Ndani yake mtakuta maombi ya wavuvi ambayo bado hayajatimizwa, kila moja na tarehe yake. Chagueni moja, mlifanyie kazi, kisha mwandike mlichofanya, ili atakayewafuata naye asianze upya.