Hana Alipobaki Nyumbani



Jumapili moja, baada ya ibada, nilimpitia mama mmoja ambaye hakuwa ameonekana kanisani kwa majuma mengi. Nilimkuta jikoni, mtoto mchanga yu mgongoni, mwingine ameshika leso yake analia, na uji unataka kufurika. Hata kabla ya kuketi nikamwuliza, "Mama, mbona umemwacha Mungu?" Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mchungaji, nikifumba macho niombe, mtoto analia. Nikifungua Biblia usiku, usingizi unanichukua. Labda ni kweli nimemwacha."

Nilikwenda zangu nikidhani nimefanya kazi ya uchungaji. Usiku nilifungua Kitabu cha kwanza cha Samweli, nikajiona mwenyewe humo. Mimi nilikuwa kuhani Eli, yule aliyemwona Hana akiomba kwa uchungu, midomo yake ikicheza bila sauti, akadhani amelewa.

Lakini endeleeni kusoma sura ile ya 1. Samweli alipozaliwa, Elkana alikwea tena Shilo kutoa dhabihu, na Hana hakwenda naye. Alisema atabaki mpaka mtoto aache kunyonya; na zamani zile mtoto aliweza kunyonya hata miaka miwili au mitatu. Mama yule aliyelia mbele za Bwana, sasa yumo nyumbani ananyonyesha. Je, Mungu alimkemea? Someni yote, hamtaona neno la kumlaumu. Hata mumewe hakumlazimisha, bali alimwambia afanye aonavyo vema.

Sasa mtazameni Eli. Yeye alikuwamo nyumbani mwa Bwana kila siku, lakini wanawe, Hofni na Finehasi, hawakumjua Bwana. Na hukumu ikamjia kwa sababu alijua uovu wao asiwazuie. Sauti ya Mungu usiku ule ilimwita mtoto wa Hana. Neno hili hunitetemesha mimi mwenye kuvaa kanzu ya ukasisi, maana nami nina watoto nyumbani.

Sisemi kwamba kanisa si kitu. Mtoto alipoacha kunyonya, Hana mwenyewe alimpeleka Shilo, akamtoa kwa Bwana. Tena kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo aliyomshonea. Fikirini mama yule akikadiria mabega ya mtoto asiyemwona, mwaka huu akiongeza urefu kidogo. Naamini kila mshono ulikuwa sala.

Basi, mama mpendwa, usingoje nyumba itulie ndipo uombe. Unaponyonyesha, litaje jina la mtoto wako mbele za Mungu. Unapomwogesha, mbariki. Neno moja latosha siku ile huna maneno mawili. Na mlete kanisani, hata akilia. Nasi wazee tusigeuze shingo kumkodolea mama macho. Nawe baba, mpokee mtoto nusu saa, ili mama naye apate kupiga magoti.

Juma lililofuata nilirudi kwa mama yule nikamwomba msamaha. Kisha nikampokea mtoto ili yeye aombe. Sala yake ilikuwa fupi kuliko zote nilizopata kuzisikia, na kabla ya "Amina" mtoto alikuwa amekwisha kunilowesha. Tulicheka sote wawili. Nilimwambia, "Mama, hukumwacha Mungu, naye hakukuacha."

Na tuombe. Ee Baba wa mbinguni, uliyemtoa Mwanao azaliwe na mwanamke na kulelewa mikononi mwake, watie nguvu mama wote waliochoka. Pokea kazi ya mikono yao kuwa ibada. Utusamehe sisi tuliowahukumu, na uwavute watoto wetu kwako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.