Marafiki wa Marekani na Kosa Lililokuwa Nyumbani Mwao

(Haya ni maneno aliyoyasema karani mmoja mbele ya mkutano wa machifu, wazee na walimu. Tumeyachapa kwa kuwa wengi waliokuwapo wameomba kuyasoma.)

Nimeombwa niseme habari za watu waitwao Wakweka, ambao wenyewe hujiita Marafiki, na kazi waliyoifanya katika nchi ya Marekani.

Huenda mtu akauliza, “Habari za Marekani zatuhusu nini sisi?” Jibu langu ni fupi. Mwaka wa 1902 vijana watatu wa Marafiki kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, upande wa magharibi wa Kenya, wakaanzisha misheni. Leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Basi habari hizi si za wageni tu, ni za ndugu na majirani zetu pia. Lakini sitasema juu ya Kaimosi. Nataka kuwaonyesha jambo moja tu: jinsi watu hawa walivyoliacha kosa kubwa lililokuwa ndani ya nyumba zao wenyewe, kabla ya kuwanyoshea wengine kidole.

Asili yao ni Uingereza. Katika miaka ya 1640 kijana mmoja, George Fox, mwana wa mfumaji wa nguo, alianza kuhubiri kwamba ndani ya kila mtu imo nuru itokayo kwa Mungu. Kwa hiyo Marafiki hawakuwa na padre wa kulipwa. Walikaa pamoja kimya, na yeyote aliyesukumwa rohoni, mwanamume au mwanamke, alisimama akasema. Hawakula kiapo, hawakuvua kofia mbele ya wakubwa, wala hawakushika silaha. Mwaka wa 1650 hakimu mmoja wa mji wa Derby aliwaita kwa dhihaka “watetemekaji”, na maana ya neno Wakweka ndiyo hiyo. Walifungwa kwa maelfu. Hata wale waliovuka bahari hawakupata raha mara moja, maana huko Boston, kati ya mwaka wa 1659 na 1661, wanne kati yao walinyongwa, na mmoja alikuwa mwanamke, Mary Dyer.

Mwaka wa 1681 Mfalme Charles wa Pili alimpa William Penn, aliyekuwa Rafiki, nchi kubwa huko Marekani, iwe malipo ya deni alilokuwa akidaiwa na baba yake Penn. Ndiyo Pennsylvania, na mji wake mkubwa ni Philadelphia. Penn aliruhusu watu wa dini mbalimbali wakae humo bila kuudhiwa, tena alifanya mapatano na Walenape, wenyeji wa nchi, akanunua ardhi kwao badala ya kuinyang'anya. Alipokwisha kufa, wanawe hawakuifuata njia yake. Mwaka wa 1737 waliwadanganya Walenape katika kupima mipaka, wakatwaa nchi kubwa kwa hila.

Sasa, wazee wangu, sikilizeni neno la kushangaza. Watu hawa waliosema kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu walikuwa na watumwa. Walinunua watu wa Afrika sokoni kama wanunuavyo ng'ombe. William Penn mwenyewe alikuwa na watumwa. Siku ya mkutano wa ibada bwana alikaa kimya akiitafuta nuru, na mtumwa wake alikuwa nje akishika farasi.

Mwaka wa 1688 watu wanne wa Germantown, karibu na Philadelphia, waliandika barua. Mmoja wao aliitwa Francis Daniel Pastorius. Waliuliza kwa maneno mepesi: Je, ninyi mngependa kutendwa hivi? Wakasema kwamba kuiba watu, na kuwanunua walioibwa, ni jambo moja. Barua ilipelekwa kwenye mkutano wa mwezi, wakaona ni nzito mno kwao, wakaipeleka kwenye mkutano wa robo mwaka. Nao wakaipeleka kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Huko nako wakaona haifai kuamua, wakaiweka. Barua ikalala hata ikasahauliwa, nayo haikuonekana tena mpaka mwaka wa 1844. Sisi tufanyao kazi za ofisini twaijua sana safari ya namna hiyo.

Lakini neno lililokwisha kusemwa halikufa. Alikuwako mtu mmoja mfupi sana mwenye kibyongo, jina lake Benjamin Lay. Mwaka wa 1738 aliingia katika mkutano mkuu na kitabu, ambacho ndani yake alikuwa ameficha kibofu cha maji mekundu ya matunda. Akakichoma kwa upanga, yale maji yakawarukia waliokuwa karibu kama damu, akawaambia kwamba hivyo ndivyo wamwagavyo damu ya watumwa wao. Wakamtoa nje, na katika jamii wakamkataa.

Aliyewageuza hasa alikuwa mtu mpole, John Woolman, aliyezaliwa New Jersey mwaka wa 1720. Alipokuwa kijana alimfanyia kazi mwenye duka, akitunza vitabu vya hesabu. Siku moja bwana wake aliuza mtumwa mwanamke, akamwagiza Woolman aandike hati ya kuuza, naye mnunuzi yuko pale pale akingoja. Woolman akaona uzito moyoni. Lakini aliona kwamba anayeagiza ni bwana wake, na anayenunua ni mzee wa Marafiki, basi akaandika. Alipokwisha aliwaambia wote wawili kwamba kwa imani yake kuweka watumwa hakupatani na dini ya Kristo. Tangu siku hiyo hakupata raha, kwa kuwa mkono wake ndio ulioandika.

Baadaye alikataa kuandika hati kama ile. Watu walimwita awaandikie wasia, nayo ilikuwa kazi ya faida. Akija mtu anayetaka kumrithisha mwanawe mtumwa, Woolman alisema kwa upole, “Hilo siwezi kuliandika.” Wako waliokasirika, na wako waliorudi nyumbani wakafikiri, wakamwacha huru mtumwa wao. Alisafiri mbali, mara nyingi kwa miguu, kuwatembelea wenye watumwa nyumbani mwao. Akilala katika nyumba yenye watumwa, aliwaachia fedha wale waliomtumikia, kwani hakutaka kula jasho la mtu bure. Aliacha sukari, kwa kuwa ililimwa na watumwa. Hakuwatukana wenye nyumba, lakini hakuficha neno.

Mwaka wa 1758, katika mkutano mkuu wa Philadelphia, wengine walitaka shauri liahirishwe tena. Woolman akasimama akawaonya kwamba wakichelewa kutenda haki kwa ajili ya faida yao au urafiki wao, Mungu aweza kuwajibu kwa mambo ya kutisha. Mkutano ukakubali. Watu walichaguliwa kwenda nyumba kwa nyumba kuwashauri wenye watumwa, naye Woolman alikuwa mmoja wao. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Woolman alikufa kwa ndui mjini York, Uingereza, mwaka wa 1772, kabla hajaona mwisho wake. Mwaka wa 1776 mkutano mkuu wa Philadelphia ulikata neno: Rafiki asiyetaka kuwaacha huru watumwa wake atatolewa katika jamii. Hesabuni, walimu: kutoka barua ya Germantown ni miaka 88.

Baada ya kusafisha kwao, sauti yao ilipata nguvu nje. Mwalimu Anthony Benezet, ambaye tangu mwaka wa 1750 alikuwa akifundisha watoto weusi nyumbani kwake jioni, aliandika vitabu vilivyosomwa hata Uingereza, vikawaamsha waliopigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Mwaka wa 1780 Pennsylvania ilipata sheria ya kukomesha utumwa kidogo kidogo. Mwaka wa 1790 Marafiki walilipelekea ombi Bunge jipya la Marekani, wakapingwa kwa maneno makali, hawakukoma. Watumwa walipotoroka kutoka majimbo ya kusini, Marafiki wengi waliwaficha pamoja na watu weusi waliokwisha kuwa huru. Thomas Garrett wa Wilmington alishitakiwa mwaka wa 1848, akatozwa faini kubwa, akaendelea na kazi ile ile. Alimsaidia mara nyingi Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwani, kisha akarudi tena na tena kuwatoa wenzake.

Na kwa kuwa wanawake wa Marafiki walikuwa wamezoea kusema mkutanoni, wao ndio waliosimama mbele katika kudai haki za wanawake. Lucretia Mott alikwenda London mwaka wa 1840 kwenye mkutano wa kupinga utumwa, akakataliwa kiti kwa sababu ni mwanamke. Mwaka wa 1848, pamoja na Elizabeth Cady Stanton na wengine, waliitisha mkutano wa Seneca Falls. Katiba ya Marekani ilikataza kuwanyima wanawake kura kwa ajili ya uanauke wao mwaka wa 1920, naye Mott alikuwa amekufa miaka 40 kabla.

Sitaki mdhani ya kuwa nawasifu kupita kiasi. Hata baada ya kuacha utumwa, katika nyumba nyingi za ibada waliwatengea watu weusi benchi lao peke yao. Tena baadhi yao waliunga mkono magereza ambamo mfungwa alikaa peke yake siku zote, wakidhani ukimya utamfanya atubu, na wafungwa wengi waliumia akili. Nia njema si kinga ya makosa. Kwa hiyo kazi ya kujichunguza haiishi.

Wazee wangu, namaliza kwa neno langu mwenyewe. Mimi ni karani, kalamu ndiyo jembe langu. Nilipokuwa mgeni kazini niliagizwa kuandika hati ya shamba. Mjane mmoja asiyejua kusoma alitia alama ya kidole gumba. Nilijua kwamba maneno yaliyomo siyo aliyoambiwa. Nikaandika, maana mkubwa wangu alikuwa amesimama akingoja, na mwandiko wangu ulisifiwa. Woolman aliandika, lakini alisema. Mimi niliandika nikanyamaza, na mama yule akapoteza shamba.

Nilipoisoma habari ya Woolman nilishikwa na haya. Nimekwenda kwa mama yule, nimemweleza yaliyoandikwa, na nimemwambia kwamba akitaka nitasimama shahidi wake mbele ya wazee. Hakunijibu siku ile. Alinikaribisha uji, nikanywa kwa taabu. Wiki iliyopita alinitumia mjukuu wake kuuliza siku ya baraza.

Basi nawaomba: chifu atazame muhuri wake, mwalimu atazame fimbo yake na kitabu chake cha karo, baba atazame mahari na urithi wa binti zake. Kila mmoja wetu ana hati aliyoiandika. Tusingoje miaka 88.